Waya wa Amplifaya kutoka Kikwajuni hadi Wete: uchambuzi wa mauzo ya kitu kilichotumika

Kilichouzwa ni waya wa umeme wa amplifaya, urefu mita moja na nusu, uliotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja wa Uingereza anayeifanya kazi hiyo nyumbani kwake. Upande mmoja una plagi ya miguu mitatu bapa, ile ile tunayoitumia sisi. Upande wa pili una kichwa cha kike kinachoingia nyuma ya amplifaya, sawa na kile cha kompyuta ya mezani. Muuzaji ni mwalimu mstaafu wa Kikwajuni, Unguja, mnunuzi ni muuguzi wa Wete, Pemba. Bei ya kwanza ilikuwa laki tatu, na waya ukaenda kwa laki moja na kumi. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, na wote wawili waliridhika niwe mtu wa kati. Wameridhia pia nikiandike kisa hiki bila ya majina, kwa sababu vitu vya namna hii vinazidi kuingia visiwani na watu wanauziana kwa maneno matupu.

Waya uliletwa na mtoto wa dada yake mwalimu, anayeishi Uingereza. Aliununua pauni 150 ukiwa mpya, akautuma pamoja na amplifaya ili mjomba wake asikilize kanda zake za taarabu kwa raha. Kwa miaka kadhaa raha ilipatikana. Kisha transfoma ya amplifaya ikaungua, kuisuka upya ikawa ghali, na mwalimu akaamua kuuza vilivyobaki kimoja kimoja. Yule kijana akamwandikia ujumbe wa kuwapelekea watu kwenye simu. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, kwa kuwa matata yote yalianzia hapo:

“Waya wa kifahari wa muziki, kazi ya mkono kutoka Uingereza. Unasafisha umeme, unaongeza bezi, unafungua sauti. Hali kama mpya. Laki tatu, maelewano yapo.”

Muuguzi wa Wete akajibu siku ile ile. Amplifaya yake alikuwa ameinunua kwenye bidhaa zilizotumika zinazotoka Dubai, ya bati zito, na waya wake wa asili ulikuwa umekatwa karibu na plagi. Aliandika hivi: “Asalaam aleikum mwalimu wangu. Waya nimeupenda, ila niko Pemba, siuoni. Umeme wetu huku unapanda na kushuka, jana magharibi soketi yangu ilisoma volti 198. Kama kweli unasafisha umeme basi pesa nitatafuta, nisije nikaunguza amplifaya.”

Mtu huyu alikuwa tayari kutoa laki tatu akiamini ananunua kinga. Na hakuwa mjinga hata kidogo. Mtu wa visiwa hivi akisikia kitu kinasafisha umeme, atafikiria nini kingine? Unguja inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara tangu 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza likaingia tena miezi mitatu. Tulijifunza maisha ya jenereta, na tukajifunza namna friji na televisheni zinavyokufa umeme unaporudi kwa kishindo. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli hadi 2010, ulipofika waya wa baharini kutoka upande wa Tanga. Kila nyumba ina kumbukumbu ya kitu kilichoungua. Aliyeuandika ujumbe yuko mji ambao volti hazichezi, na kwake maneno yale yalihusu utamu wa sauti tu. Huku kwetu yalikuwa ahadi ya usalama.

Waya huu hauna uwezo huo. Ndani hamna kichujio, hamna koili, hamna kifaa chochote cha kuzuia volti zisipande au kushuka. Kuna nyaya tatu za shaba (laivu inayoleta umeme, nyutro inayourudisha, na ardhi ya kinga), msuko wa waya mwembamba unaozizunguka, na ganda la nailoni nyeusi lililofumwa vizuri sana. Volti 198 zikiingia kwenye plagi, zitatoka 198 upande wa pili. Kazi ya kuituliza volti ni ya stabilaiza, na ya kukata umeme volti zinapozidi ni ya gadi, na vyote viwili vinauzwa madukani Darajani, Unguja, na Chake, Pemba.

Kuhusu bezi nilikaa na mwalimu nikampigia hesabu, maana alikuwa mwalimu wa skuli na hesabu anaipenda. Shaba ya waya ule ina unene wa milimita mraba 1.5. Kila mita ya waya mlaini wa unene huo ina ukinzani wa kiasi cha omu 0.013. Umeme huenda na kurudi, basi mita moja na nusu ni mita tatu, na jumla ni omu 0.04. Amplifaya ya nyumbani ikisikilizwa kwa sauti ya watu wazima haivuti hata ampea moja. Tuseme moja kamili: volti inayopotea njiani ni 0.04 kati ya 230, kiasi kisichoweza kuigusa bezi. Waya wa ukutani, kutoka kwenye mita ya tukuza (ya umeme wa kulipia kabla) hadi soketi ya chumbani, ukiwa mita kumi na tano za milimita mraba 2.5, unapoteza volti 0.22, zaidi ya mara tano. Na huo haubadiliki ukinunua waya wa laki tatu au wa milioni.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo kwangu ndiyo yaliyoamua kisa chote: “Mwanangu, mimi hata ushahidi sina. Waya na amplifaya vilikuja siku moja, ndani ya sanduku moja. Sijapata kuisikia amplifaya ile kwa waya mwengine.”

Basi ule ujumbe ulikuwa na madai mawili ya sauti ambayo muuzaji mwenyewe hakuwahi kuyashuhudia. Kijana aliyanakili kutoka kwenye karatasi ya maelezo ya yule fundi wa Uingereza, na mjomba akayapeleka mbele kwa kumwamini mtoto wa dada yake. Hapakuwa na nia mbaya. Lakini mnunuzi wa Wete angelipa kwa ushahidi ambao haupo, na ushahidi usiokuwepo hauwi halali kwa sababu walioupitisha ni watu wema.

Nikaomba waya tuufungue. Kijana, kwa simu, akapinga: kufungua kutauharibu, na bei itashuka. Mimi nashikilia kinyume chake, na hili ndilo ninalolitetea katika uchambuzi huu. Waya wa kiwandani uliopita kwenye mashine za kupima na kupigwa chapa ya viwango kwenye plagi yake ya kumiminwa, unaweza kuununua umefungwa. Waya wa mkono umeonekana ndani na mtu mmoja tu, aliyeufunga. Ukiuuza bila ya kuufungua unamuuzia mwenzako mbuzi kwenye gunia, hata kama wewe mwenyewe hujui aliyemo ni mbuzi gani. Plagi ya kufungwa kwa skrubu imetengenezwa ifunguke. Bisibisi moja inatosha, wala hakiharibiki kitu.

Tulifungua mbele ya mwalimu na binti yake, kweupe barazani, nikapiga picha kila hatua.

Upande wa amplifaya kazi ilikuwa safi. Waya wa ardhi, wa kijani na manjano, ulikuwa mrefu kidogo kuliko wenziwe, kama inavyotakiwa, ili waya ukivutwa kwa nguvu huo uwe wa mwisho kung’oka. Hapa nasimama kidogo. Amplifaya ya bati ya namna hii mara nyingi haina kinga nyingine ya mtu zaidi ya waya huo: laivu ikigusa bati ndani, umeme unapita kwenye ardhi, fyuzi inakatika, na mtu anabaki salama. Najua mafundi wanaoukata ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo kweli huondoka, na kuanzia hapo bati zima linasubiri mkono wa mtoto. Fundi wa Uingereza hakufanya hivyo. Msuko wa kuzunguka naye ameuunga na ardhi upande wa plagi peke yake, ndivyo wengi wanavyofanya ili msuko wenyewe usibebe umeme wa kwenda na kurudi.

Upande wa plagi ndiko kulikokuwa na jambo. Nyaya zile laini, zenye nyuzi nyingi, fundi alikuwa amezilehemu ncha ndipo akazibana chini ya skrubu. Macho yanafurahi: ncha inang’aa na hakuna unyuzi unaotoka nje. Lakini risasi ya kulehemu ni laini, ikibanwa inasogea kidogo kidogo kwa miezi na miaka, na skrubu iliyokazwa vizuri inajikuta imelegea bila ya kuguswa na mtu. Skrubu ya nyutro niliigeuza kwa kidole. Plastiki pembeni yake ilikuwa na doa la kahawia.

Doa lilinishangaza, maana kwa ampea moja joto lake ni dogo. Binti wa mwalimu ndiye aliyelifumbua: “Baba, waya huu si ndio tuliopikia wali Ramadhani ile, ulipopotea wa jiko?” Kichwa cha nyuma ya amplifaya kinaingia pia kwenye majiko mengi ya umeme ya kupikia wali. Jiko la wati 1000 linavuta ampea nne na zaidi, na joto la kiungo kilicholegea halipandi kwa kiasi kile kile: umeme ukiwa mara nne, joto ni mara kumi na sita. Waya wa kifahari ulikuwa umefanya kazi ya jikoni mwezi mzima, na hapana aliyeliona hilo kuwa ni sehemu ya historia yake.

Palikuwa na la tatu, dogo lakini linalogusa bei. Waya kwa nje ni mnene kama kidole gumba, na kila aliyeushika alisema “huu mzito huu.” Unene ule ni kamba za kujazia na ganda la nailoni. Shaba ni hiyo hiyo milimita mraba 1.5, unene unaoenea vizuri kwenye plagi hizi, kwa hiyo fundi hana kosa, na karatasi yake imelitaja. Ila asiyesoma karatasi atalipa shaba asiyoipata.

Nilikata zile ncha zilizolehemiwa, nikachuna upya, nikavisha vikopo vidogo vya shaba vinavyobanwa kwa koleo, nikakaza. Plagi yenye doa nikaitupa, tukaweka mpya ya mwalimu mwenyewe. Fyuzi iliyokuwemo ilikuwa ya ampea 13. Kichwa cha upande wa pili kimewekewa kikomo cha ampea 10 tu, na amplifaya haihitaji hata nusu ya hiyo, basi tukatia ya 5. Nikapima: waya wa ardhi mwisho hadi mwisho chini ya omu 0.1 (mita ndogo za mkononi zinadanganya katika hesabu hizi, gusisha kwanza ncha zake zenyewe kwa zenyewe, uone zinasoma ngapi, kisha utoe), na kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda linavujisha umeme) ya volti 500 baina ya laivu na ardhi, na nyutro na ardhi, ukinzani wa ganda ulikuwa mbali juu ya omu milioni moja inayotakiwa. Hapakuwa na ukijani wa chumvi kwenye shaba, na katika nyumba iliyo karibu na bahari hilo si jambo la kulichukulia hivi hivi.

Sasa nini cha kusema kwa mnunuzi? Kijana alishauri tuandike “umefanyiwa matengenezo” na tuishie hapo. Doa limeondoka pamoja na plagi, wali umeshaliwa, kwa nini kumtisha mtu? Hoja yake si ya kupuuzwa: waya wakati ule ulikuwa salama kuliko siku uliyotoka Uingereza. Mwalimu ndiye aliyeikataa. Alikumbusha Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ya Mtume kupita penye lundo la chakula, akatia mkono na vidole vikakuta majimaji ndani. Mwenye chakula akasema kilipigwa na mvua. Akaulizwa mbona hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akaambiwa kuwa anayeghushi si katika yeye. “Na mimi niuweke juu,” akasema mwalimu, “atakayeukataa aukatae.” Tukaandika ujumbe mwengine:

“Waya wa umeme wa amplifaya, kazi ya mkono, umetumika miaka kadhaa. Urefu mita 1.5. Shaba milimita mraba 1.5, unene wa nje ni ganda. Una ardhi, imepimwa ni nzima. Hauna kichujio wala kinga ya volti, usiutegemee kulinda kitu. Kuhusu sauti sina la kukuahidi. Ulitumika mwezi mmoja kwenye jiko la wali, skrubu ya nyutro ikalegea na plagi ikapata doa. Plagi ni mpya, ncha zimefanywa upya, fyuzi ampea 5. Picha za ndani hizi hapa. Laki moja na nusu.”

Muuguzi hakujibu kwa siku mbili. Kisha akapiga simu, akaniuliza mimi, si mwalimu: kama hautalinda amplifaya na sauti haiahidiwi, kwa nini asinunue wa kompyuta pale dukani Wete kwa elfu chache? Ni suala la haki, na nilimjibu kwa ukweli kwamba wa dukani, ukiwa mzima na una ardhi, utawasha amplifaya yake vile vile. Hatari ya nyaya nyingi za bei ndogo ni shaba iliyopunguzwa, au shaba iliyopakwa juu ya chuma, na plagi ambazo mguu wa ardhi upo kwa sura tu. Wa mwalimu una picha za ndani yake na vipimo vyake. Unakaa imara nyuma ya mashine, hauchezi. Na ni mzuri kwa macho, jambo ambalo mimi silidharau: kazi ya mkono iliyofanywa kwa mapenzi ina thamani yake, hata pale inapokuwa na kasoro iliyorekebishika.

Akatoa elfu themanini. Mwalimu akateremka hadi laki moja na ishirini. Wakakutana kwenye laki moja na kumi, nauli ya boti juu ya muuzaji. Kijana alihuzunika: pauni 150 zake zimekuwa hizo? Namwelewa. Ila pauni zile zilinunua vitu viwili, waya na matumaini, na ya pili haikuwa ya mjomba wake kuiuza.

Palibaki namna ya kukabidhiana. Mwalimu hakutaka mkataba upite mnunuzi hajauona, kwa hiyo pesa zilikaa kwangu, waya ukapanda boti, na mauzo yakafungwa kwa simu baada ya muuguzi kuufungua mwenyewe na kuulinganisha na picha. Mwalimu akampa na khiyari ya sharti, yaani haki ya kuvunja mauzo, ya siku tatu, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafii haizidi hapo. Juu ya hiyo ipo khiyari ya aibu (yaani kasoro), ambayo haina haja ya kuwekewa sharti: ukitokea ubovu wa zamani ambao haukutajwa, mnunuzi ana haki ya kurudisha, mradi afanye haraka anapougundua na asiendelee kuutumia. Sauti kutobadilika si aibu ya waya huu, maana hakuna aliyeiahidi. Hilo tulilisema wazi, likakubaliwa.

Nilimtaka muuguzi afanye jambo moja kabla ya kuchomeka, nalo ni kuita fundi apime soketi. Ikaonekana tundu la ardhi la soketi ile lilikuwa tupu kwa nyuma, nyumba ya zamani, haikuwahi kuungwa. Waya wenye ardhi nzima kwenye soketi isiyo na ardhi haumlindi mtu. Wakachimbia chuma nje ya dirisha na kuiunga ardhi ya nyumba yote, na stabilaiza akainunua Chake kwa sehemu ya zile laki tatu alizokuwa tayari kuzitoa.

Siku tatu zimepita, pesa nimezikabidhi Kikwajuni. Yule kijana, baada ya kununa kidogo, alizichukua picha za zile ncha zilizolehemiwa akampelekea fundi aliyeutengeneza waya, kwa kuwa fundi ameuza nyengine kwa watu wengine. Fundi amejibu akiomba picha ya skrubu ya laivu, na nimeshamtumia.